Kwa Mgeni wa Chumba Namba Kumi na Tisa

Nimekisoma kikaratasi ulichokibana chini ya kikombe:
"Siku tatu sasa, hata kipande cha nyanya?"
Mwandiko safi. Alama ya kuuliza kama ndoano.
Mpishi kanikabidhi mimi, maana mimi ndiye ninunuaye:
Eteri, ofisi chini ya ngazi,
kati ya boila na magunia ya unga,
mwenye simu inayoamka kabla yake.

Haya, nyanya yako.
Jumatatu ilikuwa Uturuki, ndani ya banda la plastiki,
ikinunuliwa kwa dola na mtu asiyenijua.
Jumanne dola ilisimama, lari yetu ikakaa kitako.
Jumatano, mpakani Sarpi, ilikuta fomu mpya,
muhuri mpya, na afisa mpya
anayesoma kwa kidole.
Alhamisi Zauri aliipakia, akaanza kuukwea mlima,
na theluji ikateremka kumlaki.

Analala usiku wa pili ndani ya lori,
nyuma ya malori mia yanayokwenda Urusi
na mizigo isiyonihusu.
Kanipigia: "Eteri, nyanya zako ni salama.
Zimekuwa mawe ya mtoni, lakini ni salama."

Usidhani ni nyanya peke yake.
Mafuta ya alizeti nayafungia kwa kufuli
tangu vita vilipoingia kwenye mashamba ya watu;
mimi sijui siasa, najua kina cha kikaango.
Kuku wa nchi nisiyoweza kuitamka walishikwa na mafua,
na wa kwetu wakapandisha bei ya mayai
bila hata kukohoa.
Na wewe pia, usikasirike, ni hali ya hewa yangu:
ndege yako ikifutwa
namwaga lita kumi za maziwa.

Kisha kuna makao makuu, Tbilisi,
ambayo nayo yana makao makuu yake, sijui wapi, ghorofani.
Wameniletea orodha ya wauzaji walioidhinishwa.
Viazi: kampuni moja, nembo ya kijani,
kilomita mia nne.

Dirisha langu, mgeni, linatazama shamba la Mzekala.
Hatua tisini. Nimezihesabu
nikiwa na hasira, na nikiwa sina.
Viazi vyake vimelala chini ya majani makavu tangu Oktoba,
vyekundu kama mashavu ya watoto watokao kuteleza thelujini.
Lakini hana cheti, hana msimbopau, hana barua pepe.
Ana mbwa, na mizani ya marehemu mumewe.

Kompyuta inaniuliza: Jina la msambazaji?
Naandika, Mzekala.
Inajibu: Hayupo.
Na asiyekuwapo, na lake halipo.
Nachungulia dirishani.
Yupo. Anaanua mashuka yaliyokakamaa kwa baridi,
anayakunja kama mbao.

Basi juzi, giza lilipoingia, nilivuka na toroli.
Nililipa kwa pesa ya mfukoni mwangu,
pesa niliyoweka ya viatu,
na kwenye daftari la hoteli, ili nirudishiwe, nikaandika:
balbu za taa, sitini.
Wakaguzi wakija Aprili
watatukuta tunang'aa.

Vile ulivyokula jana, vya siagi na kotimiri kavu,
ukaomba sahani ya pili,
ukamwambia mhudumu hujawahi kula viazi kama hivyo,
hizo ndizo balbu.
Hukuandika kikaratasi juu yake. Si neno.

Nilipofika hapa simu imetetemeka. Zauri:
wamefungua njia, upande mmoja.
Nami naona kwenye orodha ya kesho:
kumi na tisa, teksi, saa moja asubuhi.
Mtapishana kwenye mteremko, wewe na nyanya yako.
Mpungie mkono.
Lori la bluu,
taa moja ya mbele haiwaki.